Kabla Mpima Hajafika Kijijini

Ingia katika ofisi nyingi za vijiji nchini Tanzania utaikuta ramani. Imebandikwa ukutani nyuma ya kiti cha mtendaji, au imeviringishwa na kuegemezwa pembeni mwa kabati. Ina rangi za kupendeza: kijani ni msitu, njano ni mashamba, kahawia ni malisho. Ina mhuri na sahihi. Lakini mwombe mjumbe wa halmashauri ya kijiji akuonyeshe nyumba yake iko wapi kwenye ramani hiyo, mara nyingi atasita. Toka nje umuulize mama anayepita na ndoo kichwani malisho yanaanzia wapi; atakuelekeza papo hapo, na huenda akakuonyesha mahali tofauti na palipopakwa rangi ndani.

Ramani ya namna hiyo haimlindi mtu. Siku akija mwekezaji na barua mkononi, au kijiji jirani kikianza kulima ng'ambo ya kijito, anayejua kuisoma ndiye atakayeitumia, na huyo mara nyingi si mwenye kijiji. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wajumbe wa halmashauri za vijiji, kamati za maliasili, watendaji, walimu na vijana waliosoma wakarudi nyumbani ni huu: kuchora ramani ya kijiji ni kazi ya kufundishana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iwe imekamilika kabla mpima hajafika na kifaa chake.

Nasema hivi nikiwa na Babati akilini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa inajiandaa kuutangaza msitu wa Duru-Haitemba, miombo iliyo juu ya safu ya vilima, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliokuwa wakiutegemea kwa kuni, malisho, asali na maji waliona unaondoka mikononi mwao, na badala ya msitu kupona, ukataji ukazidi. Anayejua kesho atanyang'anywa hupakia cha leo. Mpango ule ukasitishwa. Vijiji vinane vinavyouzunguka vikakaa, vikagawana msitu kwa mipaka waliyokubaliana wenyewe, kila kijiji kikachagua walinzi wake na kuweka masharti yake: wapi pa kuchunga, wapi papumzishwe, nani akate nini na kwa ruhusa ya nani. Kuanzia mwaka 1994 ulinzi wa msitu ukawa wao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya msitu na kuisimamia, ilikuta wenzetu hawa wameshaonyesha kwamba inawezekana. Na mipaka ile ilipatikana kwa watu kutembea na kukubaliana. Karatasi zilifuata.

Tupite kwenye sheria kwa kifupi, maana bila kuijua mtatumia mikutano mitatu kujadili jambo ambalo tayari lina jibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na mtu, familia au kikundi, na ardhi ya akiba inayosubiri kugawiwa. Halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi hiyo kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Haina mamlaka ya kugawa kipande chochote kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, na mkutano mkuu ni wakazi wote waliofikisha miaka 18. Huo ndio msumari wa mambo yote. Ukiona ardhi imegawiwa kwa sahihi ya watu wawili ofisini, uliza muhtasari wa mkutano mkuu uko wapi.

Kati ya mafungu hayo matatu, ardhi ya pamoja ndiyo hupotea kwanza. Shamba lina mwenyewe atakayepiga kelele. Malisho ya kiangazi, mbuga ya kukatia nyasi za kuezekea, kichaka cha uyoga na dawa, njia ya ng'ombe kwenda lamboni, havina mtu mmoja wa kuvisemea. Mgeni akitazama picha ya setilaiti anaona pori tupu. Kwenye ramani nyingi maeneo hayo huachwa meupe, au huandikwa neno moja tu, "akiba", na kilichoachwa cheupe ndicho hugawiwa. Basi lengo la kwanza la kijiji kinachojichorea ramani liwe kulijaza eneo hilo jeupe: majina ya mahali, matumizi, majira, na wanaohusika.

Mkutano wa kwanza usiwe wa kuchora. Uwe wa kuuliza. Ramani hii imeombwa na nani? Kama ni kijiji, kwa shida ipi hasa: mgogoro wa mpaka, chanzo cha maji kinachokauka, wakata mkaa wanaotoka mbali? Kama ni mradi, mradi unataka nini, na ukiondoka utaacha nini? Nakala ngapi zitabaki kijijini, na nani atashika zile za kwenye kompyuta? Mwezeshaji anayekasirishwa na maswali haya mshukuruni kwa kuja, mumwombe arudi atakapokuwa na majibu. Na kila jibu liandikwe kwenye muhtasari siku hiyo hiyo, likiwa na orodha ya mahudhurio na sahihi, kwa sababu miaka kumi baadaye kinachosimama mbele ya baraza la ardhi ni muhtasari.

Baada ya hapo chagueni uwanja uliofagiliwa, penye kivuli cha kutosha, mchore chini. Nawasihi msiruke hatua hii hata kama mradi umekuja na picha kubwa ya setilaiti yenye kila paa la bati. Karatasi ikitandikwa mezani wanaoisogelea ni waliosoma. Wengine husimama nyuma wakitikisa vichwa. Udongo ni wa wote. Majivu yawe barabara, mawe yawe nyumba, matawi mabichi yawe msitu, magunzi yawe mashamba ya mahindi, kipande cha kanga ya bluu kiwe bwawa. Anzeni na vitu visivyo na ubishi: barabara kuu, shule, mto, msikiti, kanisa. Kisha nyamazeni mtazame.

Mwanzoni watasema wachache. Halafu mama mmoja atainuka, atalishika lile jiwe lililowekwa kuwa chemchemi, alisogeze hatua mbili upande wa pili, aseme: "Hiyo yenu ni ya masika. Mwezi wa tisa sisi tunachota huku." Mwingine ataongeza kwamba hata hiyo ya huku imepungua maji tangu bustani za nyanya zisogee ukingoni. Mwenye bustani ya nyanya naye yupo, amesimama palepale, na sasa watu wote wanamtazama. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mwezeshaji asiharakishe kuamua nani ana haki. Aulize mto ulikuwa unafika wapi zamani, bustani zilianza lini, nani wengine wanalima kando yake. Ndipo elimu ya sheria ipate mahali pa kukaa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 zikitajwa ukumbini ni namba tu. Chukueni kamba, nendeni mtoni, mzipime, watu waone zinapita katikati ya shamba la nani. Mjadala utakaofuata utakuwa mgumu, na utakuwa wa kweli: huyu mwenye nyanya anasomesha watoto kwa bustani hiyo, kwa hiyo kijiji kina wajibu wa kumtafutia mahali pengine pa kulima kabla ya kumtoza faini.

Gawanyeni makundi. Wanawake wachore peke yao, wafugaji peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, kisha ramani zote ziletwe mbele ya wote zilinganishwe. Sababu ni rahisi: kila mtu anajua nchi kwa miguu yake. Mwanamke anajua kuni zimesogea umbali gani tangu alipoolewa. Kijana wa bodaboda anajua vijia vipya ambavyo magunia ya mkaa yanapitishwa usiku. Mzee anajua mipaka ya zamani ya koo na mahali palipokuwa pakifanyiwa matambiko. Mrina asali anajua miti ipi inachanua lini. Mkiwaweka wote pamoja tangu mwanzo, watasema wenye sauti kubwa na ramani itakuwa yao. Sheria yenyewe imelitambua hili kwa namna yake. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na kati yao watatu lazima wawe wanawake. Kamati yenu ya ramani isikubali kuwa chini ya hapo.

Kabla jua halijazama, kijana mwenye mwandiko mzuri anakili kila ramani ya chini kwenye bango kitita kwa kalamu rashasha, aandike tarehe, jina la kundi na majina ya walioshiriki. Ipigwe picha pia kwa simu. Mbuzi wakipita uwanjani asubuhi, hakuna kitakachopotea.

Sasa kuna jambo ambalo ramani nyingi hukosea, nalo ni majira. Karatasi inaonyesha nchi kana kwamba imesimama. Nchi yetu haisimami. Bonde lililo mpunga wakati wa masika ni malisho wakati wa kiangazi, na watu wawili tofauti wanaliita lao, wote wawili kwa haki. Mkilipaka rangi moja tu, mmeshamtoa mmoja wao. Choreni ramani mbili, ya masika na ya kiangazi, na pembeni muandike kalenda: mifugo inaingia lini, inatoka lini, inapita wapi, inanywa wapi. Waiteni wafugaji hata kama hawalali kijijini mwaka mzima. Nasisitiza hili kwa uchungu. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Hakuna anayeweza kusema ramani ingezuia yote yale. Lakini kijiji kisicho na mahali walipokubaliana pa kupitisha mifugo na pa kuinywesha, kinaiacha amani yake mikononi mwa hasira za siku moja.

Wafugaji wenyewe wameonyesha njia. Kule Kiteto, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilitambua kwamba ng'ombe wao hawajui mpaka wa kijiji, na kwamba kila kijiji kikipanga peke yake malisho yatakatika vipande. Vikapanga kwa pamoja eneo moja la malisho linalovuka mipaka ya vyote, wakaliita OLENGAPA. Sheria ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji kufanya makubaliano ya namna hiyo juu ya ardhi wanayoitumia kwa pamoja. Huko Usukumani nako kuna ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zisimame hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, nchi ikiwa imebaki vumbi na visiki, waliojifunza haraka zaidi ni wataalamu waliokubali kwamba utaratibu wa kurudisha miti ulikuwepo tayari, una jina lake, una wazee wake na una adhabu zake. Kabla ya kuleta neno jipya kijijini, ulizeni la zamani.

Twende mpakani. Mpaka wa kijiji hautengenezwi na kijiji kimoja. Andikieni kijiji jirani barua, mkubaliane siku, mtembee pamoja: wajumbe wa halmashauri zote mbili, wenyeviti wa vitongoji vinavyopakana, wazee wanaokumbuka operesheni vijiji ya miaka ya 1970 watu walipohamishwa, na vijana wa kubeba maji na mapanga. Tembeeni mpaka wote, hata sehemu ambayo kila mtu anasema haina shida. Kila penye kona simameni, mpataje jina, mwandike alama ambayo haiondoki: mwamba, makutano ya vijito, kilima. Mti si alama ya kudumu. Hukatwa, na mara nyingine hukatwa kwa sababu hiyo hiyo. Palipo na ubishi msilazimishe. Andikeni kwamba hapa pana ubishi, kijiji hiki kinasema hivi na kile kinasema vile, mwendelee mbele. Mpaka wenye kilomita nyingi zilizokubalika na sehemu mbili za ubishi ni mafanikio makubwa. Mpaka ulionyooshwa kwa rula ofisini ili kuondoa ubishi ni mgogoro uliowekewa akiba. Mwishoni halmashauri zote mbili zisaini muhtasari mmoja, nakala kwa kila upande, na nyingine wilayani. Mpima akija kuweka mawe ya mpaka kwa ajili ya cheti cha ardhi ya kijiji, atakuta kazi ya watu imekwisha, imebaki ya kwake.

Hapa niingize jambo la kiufundi ambalo limeleta ugomvi mwingi usio na sababu. Ramani za zamani za serikali, zile za skeli ya 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Kifaa cha GPS na simu za siku hizi hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukaziweka kwenye ramani ya mwingine, mahali pale pale patahama kwa takribani mita 300. Mita 300 zinatosha kuuhamisha msitu mzima wa matambiko ukaangukia kijiji cha pili. Kwa hiyo mtaalamu yeyote anayewasomea namba, mwulizeni zimechukuliwa kwa mfumo gani, na jibu liandikwe kwenye ukurasa huo huo. Mwulizeni pia kanda ya vipimo: sehemu kubwa ya Tanzania imegawanyika kati ya kanda ya 36 na ya 37, na mstari wa kugawa, nyuzi 36 mashariki, unapita katikati ya nchi. Namba bila kanda na mfumo ni kama barua isiyo na anwani.

Juu ya vifaa sina mengi. Simu janja ya kawaida, penye anga wazi, hukupa mahali ulipo kwa kukosea mita chache tu; chini ya msitu mnene kosa huongezeka, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuhifadhi namba. Kwa kuonyesha chemchemi, njia na kona za msitu, inatosha. Kwa hati miliki na mawe ya mpaka, haitoshi. Hiyo ni kazi ya mpima mwenye leseni. Zipo programu za bure zinazofanya kazi bila bando, kama QField na OsmAnd, na KoboToolbox kwa kujaza madodoso. Nunueni chaja ya sola kabla ya kununua kifaa cha GPS. Ikiwa mtapata picha ya setilaiti ya kuchapa, ombeni skeli ya 1:10,000, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi kwa kila mtu: sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 100 ardhini, na mraba wa sentimita 1 ni hekta 1, yaani karibu ekari mbili na nusu.

Mahali penye milima iko njia nyingine nzuri, ya kutengeneza mfano wa nchi kwa tabaka za karatasi ngumu. Unakata kila tabaka kwa kufuata mistari ya mwinuko, unazibandika moja juu ya nyingine, mlima unainuka mezani. Mwaka 2006 huko Nessuit, Kenya, Waogiek wa msitu wa Mau walitengeneza mfano wa namna hiyo wa nchi ya mababu zao, wazee wakionyesha kwa pini na nyuzi za rangi mipaka ya koo na mahali pa asali, vijana wakisikia majina ambayo wengi wao walikuwa hawajawahi kuyasikia. Jamii hiyo, ambayo asali yake huvunwa kwa kupanda na kushuka miinuko kufuatana na maua, haingeweza kuielezea nchi yake vizuri kwenye karatasi bapa. Miaka 11 baadaye, Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwaondoa msituni. Kesi kama hiyo ina mambo mengi ndani yake, lakini jamii inayoweza kuitaja nchi yake bonde kwa bonde husimama vizuri popote inapoitwa.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuandikwa. Ramani ikishatoka kijijini hairudi, na ikiingia kwenye intaneti imekuwa ya dunia. Mahali penye mipingo mikubwa iliyobaki, mizizi ya dawa inayouzwa kwa bei, makaburi ya watemi, vichaka vya jando na unyago, mapango ya matambiko: wenye nayo ndio waamue kama yaonekane, na kwa kiasi gani. Njia mojawapo ni kuchora eneo pana lenye ulinzi bila kuonyesha kilicho ndani. Nyingine ni kuwa na ramani mbili, ya ndani ya kijiji na ya nje. Kama mtafiti atasisitiza namba kamili za kila mti, jibu ni hapana, na hapana hiyo isiombewe radhi.

Baada ya ramani kukubalika, mpango wa matumizi ya ardhi unafuata, na njia yake inajulikana. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuandaa mpango, wataalamu wa wilaya wanasaidia, mkutano mkuu unaupitisha. Sheria ndogo nazo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa kwenye mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Wengi huishia hapo katikati: ramani ipo, mpango upo, sheria ndogo zimekaa wilayani hazijarudi. Bila idhini hiyo mlinzi wenu wa msitu akimkamata mkata mbao, mkata mbao ndiye atakayewashitaki. Mteueni mtu wa kuzifuatilia, kwa jina, na kila mkutano atoe taarifa.

Sheria ndogo ziandikwe kwa lugha ya ramani yenyewe. "Ni marufuku kuharibu mazingira" haimfundishi mtu kitu. "Kuanzia makutano ya kijito hiki na barabara ya kwenda mnadani, kupanda hadi mwamba mweupe, hakuna kuchunga kuanzia Novemba hadi Mei" inaeleweka kwa mtoto na kwa hakimu.

Faida nayo ionekane mapema, la sivyo watu watachoka. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyopima misitu yao, vikahesabu miti na kuandika mipango ya uvunaji, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa usaidizi wa shirika la MCDI, na ndivyo vya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo uliokuwa ukitoroshwa usiku ukaanza kuuzwa mchana kwa bei ya kijiji, fedha zikiingia kwenye mfuko wa kijiji. Lakini fedha za msitu zinahitaji elimu kuliko miti yenyewe. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka, kwa herufi kubwa, pembeni ya ramani inayoonyesha miti ilikatwa wapi. Mwanakijiji akiona magogo yametoka bonde hili na fedha zimejenga darasa lile, atalinda. Asipoona, ataamini fedha zimeliwa, na mara nyingi atakuwa hajakosea.

Nimalizie na shule, mahali panaposahauliwa kabisa katika miradi hii ingawa pana kila kitu. Mtoto wa shule ya msingi nchini anafundishwa misingi ya ramani: jina, fremu, dira, ufunguo, skeli. Anaikariri, anajibu mtihani, na hajawahi kuiona ramani ya kijiji chake ingawa iko ofisini umbali wa dakika tano. Mwalimu, iombe nakala. Waweke watoto uwanjani, ramani ikiwa imegeuzwa dira yake itazame kaskazini ya kweli, waonyeshe shule, kisha kila mmoja atafute kwao. Wapeleke hadi kisimani wakiwa na nakala ya mkono, warudi na jibu: kisima kiko pale ramani inaposema? Kina maji? Nani kamkuta pale? Wape kazi ya kumhoji bibi au babu majina matatu ya mahali na maana yake. Darasa moja kwa mwaka likifanya hivyo, kijiji kitakuwa na watu wa kuhuisha ramani yake bila kumlipa mtu posho. Na mtoto anayeisoma ramani mezani kwao humfundisha mzazi ambaye hakuja mkutanoni.

Wewe uliyesoma hadi hapa, kuna hatua moja usiyohitaji mradi wala bajeti kuichukua. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Nenda kwa mtendaji kabla ya ujao, uombe ajenda moja iingizwe: ramani ya kijiji iletwe mbele ya watu, itandikwe, isomwe kitongoji kwa kitongoji, na kila asiyekubaliana na mstari wake asimame aseme. Kama kijiji hakina ramani, ajenda iwe kupanga siku ya kuchora chini. Hakikisha ombi lako limeandikwa kwenye muhtasari, na uombe nakala.